Kadi ya Tatu ya Bwana Pettibone

Royce Pettibone alikuwa na kipaji kimoja: aliweza kumtambua mtu asiyesoma fomu kutoka umbali wa hatua ishirini. Ni yule anayeshika karatasi kwa ncha za vidole kana kwamba itamng'ata. Na Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa maonyesho ya bunduki pale Tulsa, watu wa namna hiyo walijaa tele: wanaume wazima, ndevu hadi kifuani, wanaojua kwa kichwa uzito wa kila risasi iliyowahi kutengenezwa, lakini wakipewa fomu ya serikali wanatokwa jasho.

Royce aliishi kwa jasho hilo. Unataka kuifupisha bunduki yako, mtutu uwe chini ya inchi kumi na sita? Sheria inasema omba kwanza: fomu, picha, alama za vidole, nakala kwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya yako. Kisha ungoje kibali, ndipo ukate. Sasa ajabu ya hawa mabwana, wanaweza kukaa juu ya mti siku nzima wakimngoja kulungu, lakini kibali? Ng'o!

"Siku tatu tu, kaka," Royce alimwambia Lonnie Bratcher, mchomea vyuma mwenye shingo nene na akili nyembamba. "Nina mtu wangu mle ndani."

"Siku tatu? Shemeji yangu alingoja miezi."

"Shemeji yako alipitia kwangu?"

"Hapana."

"Sasa unanishangaa nini?"

Lonnie akatoa dola mia tano, na siku ya tatu akapata barua yenye picha ya tai wa serikali, muhuri mwekundu, na saini ya mtu ambaye hajapata kuzaliwa. Fomu yake halisi ilikuwa kwenye pipa la taka nyuma ya mgahawa. Royce hakuwahi kutuma hata moja. Kwamba mteja akikata mtutu kwa barua ile anaweza kufungwa miaka kumi, hilo halikumkosesha bwana yule hata lepe la usingizi.

Jumamosi iliyofuata akaja mjane, Nadine Huckaby, mwenye miaka sabini na moja na sweta ya zambarau. Marehemu mume wake, alisema, ameacha kabati la chuma lenye vitu thelathini na vinne alivyovikusanya maisha yake yote, na bunduki moja aliyotaka kuifupisha akafa kabla ya kuomba.

"Nataka nimmalizie kazi yake, mwanangu. Lakini haya makaratasi yananitoa roho."

Thelathini na nne! Mate yalimjaa Royce.

"Mama yangu, usiandike jina lako peke yako. Tuunde udhamini, yaani mali imilikiwe kisheria na watu wawili. Wewe mdhamini, na mwenzako mmoja mwaminifu. Siku Mungu akikuita, mali yote inabaki mikononi mwake bila kuhangaika."

"Sina mtoto mimi. Huyo mwaminifu nitamtoa wapi?"

Royce akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao mchungaji yeyote angeuonea wivu.

Jumanne mchana alikuwa jikoni kwa Nadine, mbele yake pai ya mapichi na chai baridi iliyokolea sukari. Bibi akavaa miwani, akasoma fomu mstari kwa mstari, kitu ambacho Royce alikuwa hajawahi kukiona.

"Hapa wanasema kila mdhamini atoe picha na alama za vidole. Na wewe umo."

Royce akaweka uma chini. Vidole vyake vilikuwa na historia. Huko Arkansas vilitafutwa kwa jina la Delbert Stroud, kwa nyumba tatu alizouza ambazo hazikuwa zake. Kisha akapiga hesabu: bahasha hii nani ataipeleka posta? Mimi. Na bahasha zangu huishia wapi? Akacheka peke yake.

"Hakuna shida, mama. Leta wino."

Nadine akamshika kidole kimoja kimoja, akakizungusha taratibu kutoka ukingo hadi ukingo wa ukucha.

"Legeza mkono. Usinisaidie."

"Lo, una mkono mwepesi!"

"Mazoea tu, mwanangu."

Akajaza kadi mbili kama fomu ilivyotaka, kisha akatoa ya tatu.

"Hii ya nini?"

"Ya akiba. Moja ikichafuka je?"

"Mama, unafikiria mbali wewe!" alisema Royce, akaomba kipande kingine cha pai. Jioni bahasha ikaenda pipani, naye akaanza kutafuta wanunuzi.

Ijumaa alirudi kuchukua namba ya siri ya kufungulia kabati. Mezani alikuwa ameketi Lonnie Bratcher, na kando yake askari wawili wa sherifu.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," alisema Nadine. "Nilimkuta ameshika msumeno, barua yako iko mezani. Ningechelewa dakika tano, jinga hili lingeozea jela."

Lonnie akatazama viatu vyake.

"Mama, hapa pametokea kutoelewana..."

"Nimechukua alama za vidole ofisi ya sherifu miaka thelathini na mmoja. Zako zimetoka safi kweli."

"Arkansas wanakusalimu, Delbert," alisema askari mmoja, akifungua pingu.

Delbert akalitupia kabati la chuma pale pembeni jicho la mwisho. "Na zile bunduki?"

"Bunduki gani? Mume wangu alikuwa akikusanya vikopo vya kunyunyizia chumvi."

Pingu zikalia. Nadine akamfuta kwa kitambaa wino uliobaki kwenye kidole gumba, kwa upole kabisa.

"Kadi ya tatu niliipeleka kwa sherifu Jumanne," alisema. "Leo Ijumaa. Siku tatu, mwanangu, na kweli una watu wako mle ndani."