Bawaba Zenu Zimemeza Hasira ya Mke Wangu

Kwa Mhandisi Mkuu,
Kiwanda cha Bawaba za Makabati na Milango.

Ndugu Mhandisi,

YAHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA BAWABA ZISIZOBAMIZA, NA OMBI LA BARUA YA USHAHIDI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na familia yako, na kwamba milango ya kwako inafungwa kwa namna unayoipenda. Mimi si mzima sana.

Mimi ni fundi wa mashine ya kusaga nafaka. Kazi hii ni ya sikio. Mkanda ukilegea nasikia, chujio likipasuka nasikia, na mteja akileta mahindi yenye mchanga nasikia kabla hajaanza kukana. Kwa sikio hilohilo nimeishi na mke wangu, mshonaji wa nguo, tangu tulipooana, na hatujawahi kugombana kwa maneno. Hatukuwa na haja. Yeye alikuwa akibamiza kitu, mimi naelewa, naomba msamaha, tunakula. Mwaka huu tukamwita seremala atutengenezee makabati mapya, naye kwa kujisifu sana akafunga bawaba zenu, hadi kwenye milango ya vyumba. Tangu hapo mambo yamekuwa kama ifuatavyo:

1. Kabati la jikoni. Bawaba za zamani zilikuwa za chuma kitupu na zilisema kweli. Mlango ukibamizwa mara moja, nimesahau kitu dukani. Ukibamizwa halafu ukafuatiwa na mfuniko wa sufuria, kuna ndugu yangu anakuja kulala na nilijua. Ukifungwa taratibu kabisa, hapo nilikuwa natafuta viatu nitoke, kwa sababu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Sasa mlango wenu unafungwa taratibu kila siku, pawe na kosa au pasiwe, nami nimeshinda wiki nzima nimevaa viatu ndani ya nyumba.

2. Droo ya vijiko. Mke wangu huisukuma kwa nyonga. Inakuja mbio, halafu ikibakiza upana wa kidole inasita, inajifikiria, kisha inaingia yenyewe kama mtu aliyechelewa mkutanoni. Nilimwita seremala aje anieleze uchawi huu. Akafungua bawaba moja akanionyesha kijisilinda kidogo, ndani yake pistoni na mafuta mazito, na kitundu ambacho mafuta hayo hayana budi kupitia. Ukisukuma polepole, yanapita. Ukisukuma kwa nguvu, yanagoma. Yaani, Ndugu Mhandisi, kadiri mtu anavyozidi kukasirika ndivyo mlango unavyozidi kumkatalia. Kama fundi nakupa heko, ni kazi safi. Kama mume nauliza, hasira iliyoingia humo inakwenda wapi? Seremala alisema inageuka joto. Niliigusa bawaba. Ilikuwa baridi.

3. Binti yetu. Yuko katika umri wa kununa. Zamani akikatazwa jambo aliingia chumbani na kubamiza mlango mpaka picha ya harusi yetu inapinda ukutani, nasi tukajua kwamba amesikia. Sasa anabamiza, mlango unachukua muda wake, yeye anabaki amesimama pale akiungoja, na ukimaliza kujifunga ameshasahau alikuwa ananunia nini. Anatoka kuuliza kuna chakula gani. Hata jirani wa ukuta wa pili, ambaye kila tulipobamiza alikuja na kikombe kuomba sukari ili apate kutusuluhisha, amekosa kazi. Juzi alinisimamisha nje akaniuliza kwa huruma kama tunaumwa.

4. Godoro. Najua si lenu, ila naamini nyinyi wahandisi mnafahamiana. Ni la ile sponji inayobonyea na kushika umbo la mtu. Zamani mke wangu akijigeuza kwa hasira nilirushwa kidogo, nikaelewa. Sasa anaweza kugeuka kama samaki kwenye kikaango na upande wangu hakuna kinachotikisika. Vikombe navyo ni vile visivyovunjika, kikianguka kinaruka na kurudi kama kinacheza. Nyumba nzima imetengenezwa ili mtu asiweze kulalamika.

5. Mlango wa mbele. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Kwa vile makabati yalipendeza, seremala alifunga kifaa chenu kikubwa juu ya mlango wa kuingilia. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimebandika sikio kwenye kabati, nikilijaribu kama limebakiwa na neno lolote. Mke wangu alikuwa akiongea huku akifunga begi, mambo ya asubuhi, nami nikiitikia sawa, sawa. Nilipoinua kichwa, hayupo. Begi halipo. Mlango umefungwa na sikusikia kitu. Nimelitafakari jambo hili kifundi. Mtu anayeondoka na begi lazima ana hasira. Mwenye hasira lazima abamize. Na kwa kuwa sikusikia kitu hata kidogo, lazima alibamiza kwa nguvu zake zote, maana ndivyo mafuta yenu yanavyofanya kazi. Naamini alisimama hapo nje akingoja nimfuate, kama siku zote. Mimi nikawa nasikiliza kabati.

Jioni alituma ujumbe kwamba amefika salama kwa dada yake, na nisisahau kumwagilia maua. Mtu anayeandika kwa utulivu kiasi hicho ni wa kuogopwa. Kumpigia simu siwezi, maana nitaomba msamaha wa kosa gani? Nimejaribu kukisia. Huenda ni chumvi kwenye mchuzi, ambayo niliitaja mara moja tu, tena kwa upole. Huenda ni dada yake, niliyemfananisha na redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Huenda ni gauni la mteja nililofutia mikono yenye grisi, ingawa nililikunja vizuri na kulirudisha mahali pake. Sijui, Ndugu Mhandisi, na nyumba imepoa. Binti anapika, tunakula tukitazamana. Namtaka mke wangu arudi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mmwandikie mke wangu barua yenye muhuri wa kiwanda, ikithibitisha kwamba mlango ulibamizwa ipasavyo, kwamba kifaa chenu kilipokea hasira yote, na kwamba mumewe hakudharau bali hakupata taarifa. Pili, kila bawaba iwekewe mshale wa kipimo, kama ule wa pampu, uonyeshe imemeza kiasi gani tangu asubuhi. Tatu, ikiwa hayo ni magumu, tengenezeni bawaba ya chuma kitupu, yenye kelele, muiuze kama uvumbuzi mpya. Watu waliooana wataigombania.

Nisalimie wahandisi wenzako, makarani, mlinzi wa geti, na yule anayejaza mafuta kwenye visilinda, ambaye sina ugomvi naye binafsi. Wasalimie na wenzi wao, na waambie wawasikilize maadamu bado wanasikika.

Wako, ninayengoja kusikia chochote,

Fundi wa Mashine ya Kusaga

Nyongeza: Naomba barua hii isishughulikiwe. Nilipokuwa natia sahihi nilihisi mtu anapumua nyuma ya shingo yangu. Ni mke wangu. Aliingia kwa mlango uleule, sikusikia, na alikuwa amesimama hapo tangu nilipokuwa naomba muhuri. Mlango ungelia ningeificha karatasi. Badala yake aliichukua, akaisoma kuanzia mwanzo, akacheka mpaka akakaa chini. Alipofika pale niliposema namtaka arudi, alijifuta macho, kwa sababu maneno kama hayo sijawahi kumwambia kwa mdomo. Anasema hakuwa na hasira yoyote. Anasema Jumatatu aliniaga mara mbili kwamba anakwenda kumsaidia dada yake kuhamia nyumba mpya na atarudi Alhamisi, nami nikajibu sawa. Binti naye anasema alidhani najua, kwa vile alinisikia nikijibu.

Kisha mke wangu akarudi mistari miwili nyuma, kwenye gauni. Ameinuka na kwenda jikoni. Kabati limefungwa taratibu sana. Inaweza kuwa bawaba, inaweza kuwa yeye. Viatu ninavyo miguuni tayari, lakini mlango wa nje siutaki. Naenda jikoni kumuuliza.