Paka Yuko Mlangoni, Mimi Niko Stoo

Ndugu Mhandisi wa Tovuti, ambaye pia ni mtoto wa dada yangu,

YAH: PAKA KUONYESHWA NA MIMI KUFICHWA

Kichwa cha habari kimeshasema. Mimi naongeza mwili tu.

Juzi nilimwomba fundi miwani wa ghorofa ya juu, ambaye ndiye sababu ya mimi kuvaa miwani nisiyoihitaji, aingie kwenye tovuti uliyolitengenezea duka langu la kufuli, aone picha yangu ya koti la kijivu. Akaingia. Akaniambia ameona nembo ya kufuli, mashine ya kuchongea funguo, na paka wetu amelala juu ya kaunta. "Wewe sikukukuta," akasema, kama mtu aliyebisha hodi mpaka akachoka. Mpwa wangu, niliumia.

Nilipokupigia simu ukanieleza kwamba kuna folda mbili. Ya kwanza ni ya picha tuli, ambazo seva humpa yeyote anayepita bila kumuuliza jina. Ya pili ni ya picha binafsi, zile ambazo wateja wanatutumia za funguo zao tuwachongee nyingine. Hizo hazitoki mpaka mwombaji ajitambulishe na ionekane ana ruhusa. Picha yangu imo katika ya pili, ukasema, kwa sababu niliipitishia pale palipoandikwa "Tuma picha ya ufunguo wako". Sasa ningepitia wapi? Hapakuwa na "Tuma picha ya mjomba wako".

Malalamiko yangu ni haya:

1. Paka anahesabiwa tuli. Huyu huyu aliyemwaga kopo la misumari jana! Na mimi niliyekalia kigoda kimoja tangu mama yako hajaolewa, si mtulivu? Utulivu huko kwenu mnaupima kwa kipimo gani?

2. Nilijaribu kujitazama mwenyewe. Tovuti ikaniuliza mimi ni nani, nikajibu kwa adabu. Ikataka neno la siri, ambalo nimelificha vizuri hata mimi silijui. Ikaandika: "Huna ruhusa ya kuona picha hii." Sura yangu, koti langu! Nimewafungulia milango watu wa mtaa mzima, leo nimefungiwa nje ya uso wangu. Kweli mganga hajigangi.

3. Unasema nisubiri hadi mwisho wa mwezi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na muuza viatu wa jirani ameshaanza kuvunja miwani yake makusudi ili apate sababu ya kupanda ghorofani kwa fundi miwani.

4. Kwa hiyo, kama kunitoa peke yangu ni kazi, toa folda yote. Funguo zote za wateja zikae mlangoni pamoja na paka. Mtu mwaminifu anaogopa nini ufunguo wake ukionekana? Ndiyo, fundi mwenye macho anaweza kuchonga ufunguo kwa kutazama picha. Mimi naweza. Lakini wezi wengi hawana subira ya kushika tupa. Na wachache wakiibiwa, watahitaji kufuli mpya, nasi tunafungua hata Jumapili.

Naomba utekeleze kabla ya chakula cha jioni. Msalimie mama yako, mkeo, watoto, na yule jirani yenu mwenye redio, mwambie hata huku tunaisikia. Paka sina salamu zake.

Wako katika utulivu,
Mjomba, Fundi Kufuli

N.B. Usiguse kitu! Fundi miwani ameshuka sasa hivi, nikamsomea barua hii nikitegemea atacheka. Kufika namba nne, uso ukambadilika. Kumbe picha ya ufunguo wa nyumba yake imo humo humo, inasubiri mimi nikumbuke neno la siri. "Niliituma kwa sababu ulisema haitoki," akaniambia. Nikamwapia kwamba haitoki, hata mimi mwenyewe nimeshindwa kutoka. Hapo ndipo alipocheka, akamsukuma paka, akavuta kigoda, akakaa. Bado yupo.

Basi acha vilevile. Picha yangu na ufunguo wa nyumba yake vimefungiwa pamoja, na sitaki kusikia mtu amevitenganisha. Ila ukipata nafasi, ongeza kufuli.