Babu, Daraja na Vifungo

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu wa historia ametangaza shindano la insha kuhusu mashujaa waliopigania uhuru na usawa. Mshindi ataisoma siku ya kupandisha bendera, na mzee aliyeandikwa atakaa kiti cha mbele. Kiti cha mbele! Babu alikuwa jeshini. Kila mwaka hupiga pasi suruali, huenda uwanjani, na huishia kusimama karibu na vyoo maana hakuna anayemjua. Mwaka huu atakaa, hata kama nitakonda. Mimi nitapata baiskeli ya zawadi, lakini hilo ni jambo dogo. Ina gia.

Jumanne, 4 Juni

Nimemhoji Babu. Balaa! Wakati wote wa vita alikuwa fundi cherehani. Nikamuuliza kama hakuwahi kumjeruhi mtu yeyote. Akasema alijichoma kidole, mara nyingi. Kisha akanieleza kwa urefu habari za vifungo. Kamanda alitaka vyake viwe vya shaba, na vya askari wa kawaida viwe vya mfupa. Babu akashona vya mfupa kwa wote, kamanda akiwemo, kwa sababu waliapa kwamba wote ni sawa. Nilipiga miayo mpaka taya zikaniuma. Nani atatoa baiskeli kwa ajili ya vifungo?

Jumatano, 5 Juni

Nimempandisha Babu cheo. Kwenye insha ameteka daraja. Peke yake. Usiku. Akiwa na homa. Daraja nimelitoa kwenye kitabu cha historia, ambacho hakisemi nani aliliteka. Halina mwenyewe! Kiranja wa darasa naye anaandika kuhusu babu yake, karatasi kaifunika kwa mkono kama mtu anayeficha nyama. Maskini, hajui kinachomsubiri.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeshinda! Karibu. Mwalimu wa historia alisahihisha nusu ya insha, mkuu wa shule nusu nyingine. Mmoja kachagua yangu, mwingine ya kiranja. Tutasoma wote, na viti vya mbele vitakuwa viwili. Baiskeli itaamuliwa kwa makofi. Nilipomwambia Babu, alikwenda kutafuta pasi. Baadaye Mama akaninong'oneza nisiingie chumbani kwake, analia kwa furaha. Roho iliniuma kidogo. Labda ile homa ilizidi.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya bendera. Kiranja alianza. Babu yake aliteka daraja. Peke yake. Usiku. Daraja langu! Mwizi!

Zamu yangu ikafika. Nilipofika darajani, wanafunzi wa nyuma wakaanza kucheka, kisha uwanja mzima. Babu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitamani ardhi inimeze. Nimemtoa kule vyooni ili nije kumwaibisha mbele ya watu.

Ndipo babu yake kiranja akasimama na kuomba kipaza sauti. Alikuwa amevaa sare yake ya zamani. Akasema daraja hilo hajawahi hata kulivuka, yeye alikuwa mpishi. Kisha akamgeukia Babu.

"Lakini huyu namfahamu. Alinishonea vifungo sawa na vya kamanda. Siku ile ndiyo niliamini kweli tunapigania usawa."

Akampigia saluti. Babu naye akasimama kumjibu, akaona kifungo kimoja cha mwenzake kinaning'inia. Akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi wa koti, akakishona palepale mbele ya mgeni rasmi. Makofi kama hayo sijawahi kuyasikia. Nililia, na kiranja pia, ingawa anakana.

Jumanne, 11 Juni

Baiskeli amepewa msichana aliyeshika nafasi ya tatu. Mimi na kiranja tumefagia uwanja wote. Jioni nikamwomba Babu msamaha. Akanishika kichwa.

"Mwakani andika vifungo tu, mjukuu wangu."

Somo limeingia. Hakuna tena daraja la kuazima, nitaandika vifungo vitupu. Nimeshaanza:

"Ilikuwa usiku. Babu, akiwa na homa kali, alishona vifungo elfu kumi peke yake, huku risasi zikimpita masikioni. Kifungo kimoja kilimwokoa kamanda. Kamanda alikuwa amesimama darajani."