Hasara ya Gari la Mapazia

Jumatatu, 4 Machi

Gari limekwisha! Jana, mimi na mke wangu tukitoka harusini kwa mdogo wake, nilikuwa nikimwonyesha jinsi ya kushika usukani kwa kidole kimoja. Ukuta haukusogea. Mlango wa abiria umebonyea, na mkono wa mke wangu umevunjika. Yeye ndiye anayeshona mapazia tunayouza.

Nimempigia binamu yangu mhasibu. Amesema hasara ya gari la biashara huweza kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, lakini nikiligongesha nikiwa kwenye matembezi yangu, hilo ni shauri langu. Nikamuuliza, kwani kumbi za harusi hazina mapazia? Akakata simu.

Jumatano, 6 Machi

Wazo! Fundi rangi ameandika ubavuni mwa gari: MAPAZIA BORA, TUNAKUFIKIA ULIPO. Herufi nyekundu, zinang'aa! Nimemwambia mke wangu akiulizwa aseme tulikuwa tukipeleka mzigo kwa mteja. Ameutazama mkono wake uliofungwa plasta, hakusema kitu. Nikajua amekubali, nikapeleka dai ofisi ya kodi.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu! Ofisa wa kodi amekuja kuliona gari. Amepitisha kidole juu ya herufi, kikashuka nazo bondeni, kikapanda nazo. Akauliza kwa upole imekuwaje bati likunjike na rangi isipasuke. Nikasema ni rangi ya bei mbaya.

Akamgeukia mke wangu. Mama, mlikuwa mnatoka wapi?

"Harusini," akasema. "Na tangu siku hiyo huyu bwana hajaniuliza kama mkono unauma."

Dai limekataliwa, na faini juu. Lakini kilichonichoma ni lile neno la mkono. Ni kweli, sijauliza. Nilipokwenda chumbani kumuuliza, nikakuta kabati wazi. Amekwenda kwa dada yake.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba kimya. Hata kelele za cherehani nazitamani.

Nimekwenda kwa shemeji. Nimeomba radhi pale pale mlangoni, machozi yakinitoka, ya kweli kabisa. Nimeuliza mkono. Unauma, hasa alfajiri. Mke wangu amesema bado hajanisamehe, ila naweza kuja tena kesho. Nitakwenda kila siku mpaka arudi! Mjinga mimi, kumpoteza mtu kama yule kwa ajili ya bati.

Nikishuka kwenye teksi nimemwomba dereva stakabadhi. Mke wangu si ndiye mshonaji wetu? Basi kumbembeleza ni safari ya kikazi.