Laini ya Bi Geesje

Wessel Bakhuis aliipata bahati yake akiwa amekaa chooni, tena choo cha watu.

Alikuwa amebisha hodi namba 14, mtaa mmoja wa kimya pale Zutphen, Uholanzi, kitambulisho cha kujitengenezea kikining'inia shingoni, akidai anakagua mifereji ya paa bure. Mzee Roelof, ambaye neno "bure" humfungulisha mlango hata akiwa usingizini, alimkaribisha. Kahawa ya pili hakumpa, ila choo hakumnyima. Na ukutani mle, kama ilivyo huko katika kila choo cha watu wenye heshima zao, ilitundikwa kalenda ya siku za kuzaliwa: ndugu, marafiki na majirani, kila mtu na tarehe yake, na mwaka pembeni ili mpongezaji asikosee umri.

Watu hawa hawakuambii mshahara wao hata uwapigie magoti. Lakini tarehe zao za kuzaliwa wamezitundika mahali ambapo kila mgeni atakaa dakika tano bila la kufanya. Wessel alikaa kumi.

*Geesje, namba 12. 9 Oktoba 1943.* Mjane wa mlango wa pili. Namba yake ya simu ilibandikwa kwenye friji, chini ya ile ya daktari, maana yeye ndiye aliyekubali kuitwa siku Roelof akianguka.

Kesho yake asubuhi Wessel alipiga simu kwenye kampuni ya simu kwa sauti ya kikongwe aliyoifanyia mazoezi bafuni.

"Mwanangu, simu yangu imetumbukia kwenye maji ya vyombo."

"Pole sana, bibi," alisema binti wa upande wa pili. "Wewe mwenyewe hujaumia?"

"Roho tu, mwanangu."

"Basi taratibu, hatuna haraka. Nitajie tarehe yako ya kuzaliwa." Akaitaja. "Kumbe ni kesho. Hongera za mapema, bibi."

Wessel alishukuru, wala hilo la kesho halikumkaa kichwani. Hakuna choo chochote chini ya jua kilichokuwa na jina lake. Yule binti alikuwa mwema, na wema wake ndio ulioibwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Siku hizi laini haihitaji hata kadi, inarushwa hewani. Mara ikahamia kwenye simu ya Wessel, na ya Bi Geesje ikawa bubu katikati ya kuagiza keki. Saa nne na robo, kwa jina la bibi, Wessel aliagiza simu tatu za bei mbaya kuliko zote, mkataba wa miezi ishirini na minne, zilipwe kila mwezi kutoka kwenye pensheni yake. Theluthi ya pensheni ingekwenda na maji. Sharti moja tu lilimkera: mzigo hupelekwa nyumbani kwa mteja. Si neno. Angesimama getini na kuupokea kama mjukuu.

Siku ya pili, tangu alfajiri, simu ilimlilia mfukoni bila kupumzika. Watu wa kumpongeza bibi. Akawakata mmoja mmoja, akingoja ujumbe wa mleta mizigo. Ulipofika ulimkata maini: mleta mizigo amewahi, hakukuta mtu, mzigo ameuacha kwa jirani, namba 14.

Roelof alifungua akiwa amevaa tai.

"Wewe si mtu wa mifereji?"

"Mifereji ni kazi, mzee. Bi Geesje ni damu. Mimi mjukuu wa dada yake. Kanituma nichukue mzigo."

Roelof alilitazama boksi, ambalo tayari alikuwa amelifunga utepe wa mwaka juzi. Zawadi hakuwa amenunua. "Nitaubeba mwenyewe," alisema. "Twende, watu wameshakaa."

Namba 12 viti vilipangwa duara, magoti kwa magoti. Wessel ilimbidi azunguke wote kumi na wawili, mkono kwa mkono, maana huko siku ya kuzaliwa hupongezwa kila aliyekuja: hongera kwa shangazi yako, hongera kwa jirani yako. Ndugu walidhani ni mgeni wa majirani, majirani walidhani ni ndugu. Akapewa kahawa, kipande kimoja cha keki, na kiti katikati ya wanaume wawili wanene.

"Kijana, viatu vyako vimelowa," Bi Geesje alimwambia. "Sogeza miguu kwenye joto."

Roelof aliweka boksi mezani. "Kitu kidogo tu, jirani."

Kwa miaka thelathini Roelof alikuwa amemletea ua moja, na chungu chake baadaye akaja kukidai. Bi Geesje alifungua polepole. Simu moja. Ya pili. Ya tatu.

"Roelof," aliuliza kwa huruma, "unaumwa?"

Roelof aliisoma bei akageuka rangi. "Si zangu mimi. Ni za huyu mjukuu wako."

"Mjukuu yupi?"

Fenna, binti wa kaka yake Bi Geesje, ambaye huuza simu dukani, aliichukua karatasi ya mzigo. "Shangazi, umeziagiza wewe. Jana tu, saa nne na robo."

"Jana saa hizo simu yangu ilishakufa."

Fenna alitoa simu yake. Alipiga namba ya shangazi yake, na koti la Wessel likalia.

Hakuna aliyesogea. Kutoka katika duara lile lazima uwaombe watu wakunje magoti, na siku hiyo hakuna aliyekunja.

"Pokea," alisema Bi Geesje. "Huenda ni mtu wa kunipongeza."

"Bibi, naweza kueleza."

"Maliza keki kwanza. Huyo wa kulia kwako ni Gerben, kaka yake Fenna. Ni polisi, ila leo yuko mapumziko na asingependa kusumbuliwa. Fenna, mkataba unaweza kuhamishiwa mtu mwingine?"

"Unaweza, shangazi. Wote wawili wakiwepo, na kitambulisho cha kweli."

Wessel, alipoulizwa jina, alitaja moja la uongo. Gerben akakohoa. Akataja la pili. Gerben akaweka sahani chini. Hapo ndipo kadi halisi ilipotoka ndani kabisa ya pochi, na mtu aliyekuwa watu tisa mwaka ule akalazimika kuwa yeye mwenyewe, na mkataba ukawa wake, kwa sahihi yake, kwa akaunti yake. Laini ikarudi kwa mwenyewe. Simu moja alibaki nayo Bi Geesje, moja alipewa Fenna, moja Gerben, ambaye alisema hakuona chochote kwa sababu alikuwa akitafuta kijiko.

"Na mimi?" aliuliza Roelof.

"Wewe ulileta boksi. Chukua boksi."

Wessel aliaga kama desturi inavyotaka, akizunguka duara zima, na kila mtu akamshika mkono na kumshukuru kwa ukarimu. Mlangoni Bi Geesje alimfungia kipande cha pili cha keki, jambo ambalo halijapata kuonekana mtaa ule.

"Beba," alisema. "Miezi ishirini na minne ni mirefu, mwanangu."