Uyoga wa Kuokoa Mwaloni

Jumatatu, 10 Machi
Balaa! Shemasi Nimbona amemshawishi mchungaji ukatwe mwaloni wa uani kwa kanisa, hapa Queensburgh, Durban, ili taksi yake ipate maegesho. Na meza yangu ya kutengeneza simu? Miaka sita iko chini ya kivuli kile! Bila kivuli sina kazi. Nimelala njaa kwa hasira. Hapana, nimekula. Lakini kwa hasira.

Jumanne, 11 Machi
Nimesoma kwenye simu ya mteja: Ulaya kuna boleti, uyoga adimu wenye kofia nyekundu, unaoishi na mizizi ya mialoni. Mwaloni ukikatwa, nao kwisha. Kule wanaulinda kama mboni ya jicho. Basi nasi tutakuwa na wetu! Nimenunua uyoga mnene dukani, nikaupaka rangi ya kucha ya Odette, jirani yangu wa saluni. Hajui. Nimeupanda chini ya mti. Akili ninazo!

Jumatano, 12 Machi
Mchungaji ameuona, akashangaa, akamwita mtaalamu wa chuo kikuu aje Ijumaa. Nimbona kanuna. Raha iliyoje!

Alhamisi, 13 Machi
Msiba. Mama Henriette wa kwaya ameuchuma, akaupika na sombe, majani ya muhogo! Nimemuuliza kama hakuiona rangi. Akanijibu, "Eish, papa Peguy, nilimenya tu. Uyoga iko chakula, haiko maua." Tumbo lake? Sharp, salama kabisa. Nimeomba Mungu, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa ajili ya meza.

Ijumaa, 14 Machi
Mtaalamu amekuja, mama mmoja mpole. Nimemwonyesha shimo. Nimbona amecheka mpaka akakaa chini. Yule mama hakucheka. Alifukua majani makavu upande wa ukutani, akapiga kelele. Boleti! Za kweli! Tatu, kofia nyekundu, chini zina vitundu kama sifongo. Hajawahi kuziona Durban. Mwaloni haukatwi! Nimelia mbele za watu wala sioni haya.

Jumapili, 16 Machi
Wamezungusha uzio. Marufuku kukanyaga mizizi. Meza yangu iko nje, juani. Kivuli kilichobaki ni cha baraza la kanisa tu, na Nimbona ameshaegesha taksi hapo.
Sikati tamaa. Nimesoma habari za bundi adimu anayetaga barazani. Nimenunua mayai mawili ya kuku, madogo kabisa. Wakiyaona tu watamfukuza Nimbona, nami nitaweka meza yangu pale pale.