Tumbili Wako na Mikwaju Yangu ya Bonsai

Ndugu Afisa Wanyamapori,

Jumapili iliyopita, kati ya chai na chakula cha mchana, nilipoteza theluthi moja ya msitu wangu; kufikia Jumatano, theluthi ya pili. Msitu wenyewe ni mikwaju mitatu ya bonsai, yaani miti inayolelewa ibaki mifupi ndani ya vyungu, nami ndiyo kwanza najifunza. Walioila ni tumbili. Kwa kuwa tumbili ni mali ya serikali, bila shaka wanakula kwa niaba yake, nawe ndiwe mwenye kujibu.

1. Mkwaju wa kwanza wameunyonyoa kama kuku. Hata waya wa shaba niliokunjia matawi wamekwenda nao.

2. Mimi ni fundi mageti. Nilianza na nyundo ya kuazima. Leo nusu ya mtaa unalala usingizi kwa kazi yangu. Basi nikaichomelea miti kizimba. Kosa langu, nafasi za nondo nilizipima kwa bega la mwizi, kama nilivyozoea. Tumbili hana bega la kutajika. Aliingia mwembamba, akala mkwaju wa pili, akashiba, akashindwa kutoka. Jirani yangu mshona viatu akaita watu: "Njooni mwone, fundi kafungua bustani ya wanyama!" Mteja aliyeagiza geti akasema, kwa upole, ngoja kwanza afikirie. Hapo ndipo paniumapo. Majani huota tena. Jina la fundi halioti.

3. Nikaongeza nondo, nikaingia mwenyewe na kiti changu kulinda mti uliobaki. Mke wangu akatia komeo kwa nje, akaenda kwa dada yake. Tumbili wakapanga foleni ukutani kunitazama. Wakaleta na watoto.

Kwa hiyo, ama uwahamishe, ama uani kwangu patangazwe hifadhi, nami niandikwe mnyama anayelindwa.

Wasalimie wote ofisini, hata yule karani aliyecheka kwenye simu.

Wako mwenye kukereka,
Fundi Mageti

Nyongeza: Mwalimu wetu wa bonsai amepita sasa hivi. Ameuzunguka mkwaju wa pili, akaniambia, "Hongera, fundi! Wenzako wote wanaogopa mkasi, wewe umepata moyo wa kupogoa." Ameuchagua kwa maonyesho ya Jumamosi, na yule mteja wa geti atakuwepo. Sikumkatisha mwalimu. Sasa anataka na wa tatu, nao haujaguswa. Kizimba nimekiacha wazi. Je, tumbili watafika kabla ya Ijumaa saa sita mchana? Nijibu ndiyo au hapana.